Chapchap na Mstari Mwekundu

Jina lake la daftarini lilikuwa refu na zuri, lakini shuleni, mtaani na hata nyumbani kila mtu alimwita Chapchap. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna jambo alilolifanya polepole. Alikula chapchap, akaosha vyombo chapchap, na mitihani aliimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Mara nyingine alipata alama nzuri. Mara nyingine alijibu swali ambalo halikuulizwa.

Kila siku baada ya masomo alipitia zahanati ya watoto, ambako mama yake alikuwa karani wa mapokezi. Aliwaamkia wakubwa, akaketi kwenye benchi la mwisho karibu na dirisha la mama, akafungua daftari lake la hesabu. Zahanati ile ilipenda rangi moja tu, samawati. Kuta zilikuwa samawati, ubao wa nje samawati, sare za wauguzi samawati, na kadi za kliniki pia. Watoto walitania kwamba ukikaa pale sana, hata mafua yako yatageuka samawati.

Kutoka kwenye benchi lile Chapchap alisikia mengi. Aliyesikika zaidi ni muuguzi wa chumba cha sindano, mama mnene mwenye sauti ya kengele ambaye watoto walimwita Bi Sindano, kwa siri kabisa. Kabla ya kumwingiza mgonjwa, Bi Sindano alichungulia kompyuta yake, kisha akapaza sauti: "Karani, huyu anayekuja ni mwekundu!" au, "Huyu si mwekundu, mlete!" Chapchap aliamini kwamba wekundu ni wale watoto wanaolia mpaka macho yanaiva. Siku moja walikuja pacha wawili wa mshonaji wa mtaani kwao, na Bi Sindano akasema kwamba mwenye kovu kwenye unyusi ni mwekundu na mwenzake siye. Chapchap alishangaa kidogo, maana wote wawili walilia vilevile. Hata hivyo hakuuliza.

Miezi miwili nyuma, mafaili ya karatasi yalikuwa yamepandishwa rafuni, na taarifa za wagonjwa zikaingizwa kwenye mfumo mpya wa kompyuta, ule unaofunguliwa kama tovuti. Ulifanya kazi vizuri, ila sura yake ilikuwa ya kampuni iliyoutengeneza. Kurasa zote zilikuwa za kijivu na rangi ya chungwa, na juu yake palikuwa na picha ya ndege. Jumatatu moja Daktari, mwanamke mwembamba aliyeisimamia zahanati nzima, alikuja kwenye dirisha la mapokezi.

"Karani, Ijumaa tuna wageni kutoka ofisi kuu. Wakiangalia kompyuta zetu, nataka waione zahanati yetu, si huyu kuku."

"Nadhani ni njiwa, Daktari."

"Hata akiwa tausi, si wetu. Iwekwe nembo yetu na rangi yetu. Samawati, kila mahali! Fundi wa kompyuta amesafiri, lakini anasema ni kazi ndogo, ipo kwenye mipangilio. Atakutumia nywila."

"Sawa, Daktari," mama alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aruke ukuta.

Mama hakuiogopa kazi. Aliogopa kuipoteza. Kabla ya hapo alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima, akipeleka barua za maombi kila ofisi yenye mlango, na sasa bado alikuwa katika miezi ya majaribio. Jumanne alijaribu kubadilisha rangi, ukurasa wote ukawa mweusi, akadhani ameua kompyuta. Jumatano Daktari aliulizia mara mbili. Saa nane mchana, pale watu wanapopungua, mama alimwita Chapchap upande wa ndani wa dirisha.

"Mwanangu, si mnafundishwa mambo haya kwenye klabu ya kompyuta?"

"Mama, hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Mama alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamsogezea kikaratasi. "Nywila hii nimepewa mimi peke yangu. Akijua mtu kwamba nimekupa wewe, kazi sina. Umenisikia? Majina ya watu usiyafungue. Rangi tu." Akasimama dirishani akiwa ameikinga kompyuta kwa mgongo wake, na kila mlango ulipolia alishtuka.

Chapchap aliingia kazini. Alifungua ukurasa wa mwonekano, akamfuta njiwa na kuweka nembo ya zahanati, ile ya mikono miwili iliyompakata mtoto. Mara ya kwanza mtoto wa kwenye nembo alivutika akawa mrefu kama nguzo, Chapchap akambana mpaka akakaa sawa. Halafu aliandika namba ya rangi ambayo fundi alikuwa ameituma, na kichwa cha ukurasa kikageuka samawati ileile ya ukutani. Alibadilisha vitufe, akabadilisha na menyu ya pembeni. Lo, ilipendeza!

Kando palikuwa na ukurasa wa mfano, wenye jina la mgonjwa wa kubuni, ili mtu aone kazi yake inavyokwenda. Ubavuni mwa jina hilo ulisimama mstari mnene mwekundu. Chapchap aliutazama akaukunjia uso. Daktari alikuwa amesema kila mahali, na ule wekundu uliharibu kila kitu. Alitafuta pa kuubadilisha, hakupaona, mpaka alipofika chini kabisa na kukuta kisanduku kilichoandikwa: Tumia rangi ya taasisi kila mahali. Akakitia alama ya vema. Tangazo refu likajitokeza katikati ya kioo. Chapchap alisoma maneno mawili ya kwanza, akaona mbele kuna vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Akabofya Ndiyo. Mstari mwekundu ukawa samawati.

"Tayari!" alisema. Mama aligeuka, akatazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. Jioni ile Daktari alipita akampongeza karani wake mbele ya watu, naye mama akainamisha kichwa na kusema asante kwa sauti ndogo.

Alhamisi Chapchap alifika zahanati akiwa na furaha, akaketi kwenye benchi lake. Bi Sindano alikuwa amesimama dirishani akinywa maji.

"Karani, tangu asubuhi sijapata mwekundu hata mmoja," alisema. "Leo dawa na watoto wamepatana."

Chapchap alicheka. "Kwani wekundu si wale wanaolia sana?"

"Wanaolia? Nani kakudanganya?" Bi Sindano naye alicheka. "Mwekundu ni mtoto ambaye kuna dawa inamkataa. Mwingine ukimdunga sindano ya kawaida tu, anavimba koo, pumzi inakata, na usipomuwahi unampoteza. Ndiyo maana kompyuta inamwekea mstari mwekundu kando ya jina. Mimi nikiuona ule mstari, sindano inarudi kabatini."

Akarudi chumbani kwake. Chapchap aliuona tena akilini ule mstari wa mfano ukigeuka rangi, na kile kitufe cha Ndiyo. Si kwamba wekundu hawakuja. Wekundu walikuwa wanapita, na hakuna aliyewaona.

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa anaandika jina la mgonjwa, akiimba chini kwa chini, jambo ambalo hakulifanya tangu waanze kuhesabu miezi ya majaribio. Akijua mtu, kazi sina. Chapchap alijiambia kwamba hatasema, atarekebisha. Mama akiinuka tu, ataingia, ataondoa alama kwenye kisanduku, na mambo yatakwisha bila mtu kuumia. Alisubiri. Saa ya ukutani ilisogea dakika moja, mbili, nne. Mwishowe mama aliinuka kwenda kumsaidia mama mmoja mwenye kichanga, na Chapchap akajipenyeza kwenye kiti. Mfumo ulidai nywila. Kile kikaratasi hakikuwapo. Alijaribu kukumbuka, akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Alisikia hatua za mama akakimbilia benchi.

Hapo ndipo mlango wa Daktari ulipofunguliwa akatoka bibi wa wale pacha wa mshonaji, akimvuta mjukuu mmoja kwa mkono. Mtoto alichechemea. Alikuwa amekanyaga msumari, na mguu wake ulikuwa umevimba. Kwenye unyusi wake wa kushoto palikuwa na kovu.

"Mama yao amesafiri, ameniachia hawa mashetani wawili," bibi alimwambia karani. "Daktari ameshamwona, ameandika sindano."

Chapchap alitaka kusimama, akajizuia. Labda Bi Sindano atamkumbuka, alijiambia. Labda atauliza. Na kweli, Bi Sindano alichungulia mlangoni, akamtazama mtoto kwa makini.

"Pacha hawa hunichanganya. Bibi, huyu kuna dawa inayomkataa?"

"Dawa imkatae? Wee! Yeye ndiye anayezikataa dawa!" bibi alisema. "Mpaka umkabe na umzibe pua!"

Benchi zima lilicheka. Bi Sindano pia alicheka, akachungulia kompyuta yake. Kila kitu kilikuwa samawati, safi. "Huyu si mwekundu," alisema. "Njoo, baba, haiumi." Mlango ukafungwa.

Chapchap alitazama mlango ule. Alimtazama mama yake. Aliona jinsi Daktari atakavyokasirika, jinsi mama atakavyokusanya vitu vyake kwenye mfuko, na jinsi watakavyotembea kurudi nyumbani bila kuzungumza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Kisha ndani ya chumba yule mtoto akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyeiona sindano.

Hakukumbuka alivyofika mlangoni. Aliusukuma kwa mikono miwili.

"Bi Sindano, usimdunge! Ni mwekundu!"

Muuguzi aligeuka, sindano ikiwa hewani. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, bibi amemshika miguu. "Umeingiaje humu? Toka nje!"

"Ni mwekundu! Mstari nimeufuta mimi! Jana! Wote nimewafuta!" Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Tazama kwenye faili la karatasi, tafadhali, tazama kwanza!"

Bi Sindano hakuuliza swali la pili. Aliiweka sindano kwenye trei, akaisukuma mbali. "Karani!" aliita. "Faili la huyu mtoto! La karatasi! Sasa hivi!"

Mama alipanda kigoda, akavuta mafaili mpaka mengine yakaanguka. Alipolipata alilifungua juu ya magoti yake, na wote wakaona. Kwenye jalada la ndani palikuwa na muhuri mwekundu, na chini yake jina la dawa ileile iliyokuwa ndani ya sindano. Bibi aliketi sakafuni polepole, akamvuta mjukuu wake kifuani, na mtoto akaacha kulia kwa mshangao.

Daktari alipofika alisikiliza yote akiwa amesimama. Mama hakujificha. "Nywila nilimpa mimi," alisema. "Yeye ni mtoto. Kosa ni langu." Daktari akasema, "Hayo tutayazungumza. Kwanza watoto. Hakuna sindano wala dawa itakayotoka mpaka niseme. Tangu jana saa nane wamepita wangapi?"

Walikuwa thelathini na wanne. Bi Sindano alisoma majina, mama akashusha mafaili, Chapchap akayafungua moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa safi, la pili safi. La kumi na moja lilikuwa na muhuri mwekundu, lakini mtoto yule alipewa matone ya macho tu. La ishirini na saba lilikuwa na muhuri, na lile halikuwa na nafuu: mtoto wa kike wa miaka mitatu alikuwa amepewa dawa ya kunywa, ileile iliyomkataa, aende nayo nyumbani.

Daktari alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Chapchap alisimama karibu naye akiwa ameshika ukingo wa meza, akimwomba Mungu mambo mengi kwa pamoja na kuyachanganya. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ilipokea. Nyuma yake mtoto alisikika akipiga sufuria kwa kijiko.

"Hiyo dawa?" mwanamke alisema. "Sijampa, Daktari. Nilipofika nyumbani nikaisoma, nikaona ni ile iliyomvimbisha mwaka jana. Nilitaka kuirudisha kesho."

Daktari alifumba macho. "Asante, mama. Asante sana kwa kuisoma." Mafaili saba yaliyobaki yalikuwa safi.

Ndipo wakampigia fundi, simu ikiwa imewekwa kipaza sauti, na Daktari akamwambia Chapchap aketi mbele ya kompyuta. "Umeharibu kwa mkono wako, utarekebisha kwa mkono wako. Mama yako ataandika nywila, sisi tutatazama." Chapchap alishuka mpaka chini ya ukurasa, lakini safari hii mkono wake haukukimbia. Fundi alimwelekeza aiondoe alama kwenye kile kisanduku, kisha akitie tena, asibofye kitu, ili wote wauone ujumbe uliotokea jana.

"Usome," Daktari alisema. "Wote tusikie."

Chapchap alisoma: "Tafadhali soma kwanza. Baadhi ya rangi za mfumo huu ni alama za hatari kwa mgonjwa. Ukiendelea, alama hizo hazitaonekana tena. Je, unataka kuendelea?"

Maneno mawili aliyoyasoma jana yalikuwa Tafadhali soma. Alibofya Hapana, akakiacha kisanduku kitupu, na ule mstari mwekundu ukarudi kando ya jina. Bi Sindano alishusha pumzi ndefu. Fundi akaeleza kwamba kuna sehemu ya kuongeza maneno kwenye mstari wenyewe, na Bi Sindano akataka yaandikwe kwa herufi kubwa: DAWA INAMKATAA. Alisema rangi ikipotea tena, maneno yatabaki.

Walipomaliza, Daktari alivuta kiti akaketi mbele ya Chapchap, magoti kwa magoti.

"Mama yako atapata barua ya onyo, na nywila ataitunza mwenyewe," alisema. "Kazini atabaki, kwa sababu alisema kweli hapohapo, kabla sijamuuliza. Na mimi nina langu. Nilisema kila mahali bila kufikiri kwamba rangi nyingine si pambo, ni sauti ya kumwonya mtu. Sasa nikuulize. Tangu ulipojua wekundu ni akina nani mpaka ulipousukuma ule mlango, zilipita dakika ngapi?"

Chapchap alitazama saa ya ukutani. Alizihesabu kweli, hakubahatisha. "Kumi na mbili."

"Kubofya bila kusoma ni kosa la haraka. Utajifunza, na ninakusamehe. Hizo dakika kumi na mbili ndizo nataka uzikumbuke. Wewe ambaye hufanya kila jambo chapchap, jambo moja ulilopaswa kulifanya chapchap ulilichelewesha. Ukijua umekosea, mwanangu, sema kabla hujatafuta namna ya kuficha. Kuogopa si dhambi. Sema huku unaogopa."

"Ndiyo, Daktari."

"Na jambo jingine," Bi Sindano alisema kutoka mlangoni, amejishika kiuno. "Kumbe mnaniita Bi Sindano."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kilichochanganyika na machozi.

Ijumaa wageni walikuja, wakasifu kuta, wakasifu kompyuta. Mmoja wao aliuliza kama ule mstari mwekundu usingeweza kubadilishwa ufanane na vingine. "Huo hauguswi," Daktari na Bi Sindano walijibu kwa pamoja, na mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jioni ya siku hiyo Chapchap na mama yake walikuwa wanarudi nyumbani walipokutana na pacha wa mshonaji mbele ya nyumba yao. Mwenye kovu alikuwa na bandeji mguuni, na alikuwa amepewa dawa nyingine ambayo haikumkataa. Bibi yake alikuwa kibarazani akisikiliza.

"Eti wewe ndiye uliyenifuta?" mtoto aliuliza.

Chapchap aliogopa tena, kama jana yake. Bibi alikuwa anamtazama, na mama alikuwa anamtazama.

"Ndiyo, ni mimi," alijibu hapohapo. "Nisamehe."